Jumamosi ya Sita ya Bwana Nitafikiria

Binti yangu ndiye aliyempa lile jina. Alikuwa nyumbani likizo Jumamosi ile ya kwanza, mwanaume yule alipokuja kuliangalia gari la marehemu mume wangu. Alilizunguka mara tatu, akafungua boneti, akaifunga, akanywa maji glasi mbili, halafu akasema, "Nitafikiria." Binti aliporudi chuoni, kila akipiga simu swali lake la kwanza lilikuwa hilo hilo.

"Mama, Bwana Nitafikiria ameshafikiria?"

"Bado," nilikuwa namjibu. "Ana mambo mengi kichwani."

Sikumwambia kwamba kila Ijumaa jioni nilikuwa napiga pasi gauni, kwa ajili ya mtu anayekuja kuangalia gari.

Gari lenyewe lilikuwa refu, la bluu iliyokolea, la aina wanayopanda wakubwa, lenye viti vya ngozi na milango inayofunga bila kelele. Mume wangu alikuwa wakili, na alilinunua ili wateja wakimwona anashuka wajue wamefika mahali pazuri. Miaka mitatu baada ya kumzika lilikuwa bado limekaa chini ya banda la mabati, linaoshwa na kuwashwa kila wiki, haliendi popote. Mimi sijui kuendesha. Mwishowe nikabandika tangazo kwenye duka la dawa ninakofanya kazi, kando ya dirisha la kupokelea dawa.

Bwana Nitafikiria alikuja kununua plasta. Sindano ilikuwa imemchoma kidole gumba. Ni fundi wa kushona viti vya magari, mtu wa miaka hamsini kasoro, mpole, mwenye mikono mikubwa inayonuka gundi na ngozi mpya. Alisoma tangazo mpaka mwisho, akarudi mwanzo, akalisoma tena.

"Hili gari bado lipo?" aliuliza.

"Lipo."

"Nimeshona viti vya magari kama haya miaka ishirini na mbili," alisema. "Sijawahi kukaa kwenye kimoja gari likiwa linatembea."

Kazi yangu ni kusoma miandiko ya madaktari, na nikisema ukweli najivunia kwamba hakuna mwandiko ulionishinda. Lakini uso ule sikuweza kuusoma. Nilimrudishia chenji ya mtu mwingine.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa ya boneti. Ya pili alikaa kiti cha dereva, akafumba macho, akatulia hivyo karibu nusu saa. Nilidhani amepitiwa na usingizi, nikamletea chai.

"Sijalala," alisema bila kufumbua macho. "Ndivyo ninavyofanya kazi. Kiti nakikalia kwanza, mpaka nimjue aliyekikalia kabla yangu. Huyu alikuwa mtu mzito, mwenye haraka. Alikanyaga breki kwa hasira."

Alikuwa amempata marehemu mume wangu bila kumwona hata kwenye picha.

Jumamosi ya tatu alikikalia kiti cha mbele cha abiria, nacho kilimsumbua. Alivuta mkanda, akauachia, akauvuta tena. Alipapasa ngozi, akanusa kidole. "Sielewi," alisema. "Nitafikiria." Ya nne alikaa nyuma, upande wa dereva. Ya tano akahamia upande wa pili, pale karibu na mlango, na siku hiyo alikaa muda mrefu kuliko siku zote. Nilisimama nje nikiwa nimeshika sinia.

"Hiki kilikuwa cha nani?" aliuliza.

"Kwa nini?"

"Aliyekaa hapa amekaa miaka. Mtu mwepesi, hatumii nafasi yote aliyopewa. Alikuwa anaegemea mlango, tazama ngozi ilivyolainika hapa juu. Anatazama nje njia nzima." Aliweka kiganja pale kwenye ngozi, taratibu, kama anayempima mtoto homa. "Alikuwa mama mkwe wako? Mgonjwa, labda, mnampeleka hospitali?"

"Kwa nini mgonjwa?"

"Sijui. Naona kama alikuwa na hamu ya kushuka." Akaipapasa tena ile ngozi. "Ningependa kumfahamu mtu huyu."

Nilimwachia chai, nikaingia ndani nikafungulia bomba la jikoni, nikaacha maji yamwagike tu. Niliporudi alikuwa ameshaondoka. Alikuwa ameacha kikombe juu ya ngazi, kimeoshwa kwa bomba la nje.

Wiki nzima iliyofuata niliishi kama mtu aliyetoka usingizini na hajaamka vizuri. Dukani nilimpa mzee mmoja dawa ya kikohozi, naye alikuwa amekuja kwa ajili ya macho. Usiniulize nilikuwa nawaza nini. Nilikuwa nawaza kiganja.

Jumamosi ya sita, wifi yangu alifika mapema kuliko fundi.

Wifi ni dada mkubwa wa marehemu, mkunga mstaafu. Amezalisha nusu ya mtaa huu, na nusu hiyo bado inamwogopa. Alikaa barazani, akaweka mkoba mapajani, akanitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Gauni hilo la nini?"

"Ni gauni tu, wifi."

"Gauni tu halipigwi pasi mpaka kwenye mikono." Akashusha pumzi. "Kaa. Nimepata mtu wa gari. Ana maduka ya vipuri, anakuja saa sita, na analitaka leo leo, hana hadithi."

"Lakini fundi naye anakuja leo."

"Ndiyo maana nimewahi. Nakwambia mbele ya jua hili: leo achague. Akilichukua gari, aende nalo, asikanyage tena hapa. Sitaki kusikia sokoni kwamba mdogo wangu amerithiwa gari na mke kwa mpigo. Na asipolichukua, basi hana shughuli humu."

"Na mimi?"

"Wewe nini?"

Nina miaka arobaini na minne, na mbele ya wifi nilijiona kama msichana aliyekutwa na barua kwenye daftari. Si kwamba ana amri juu yangu. Ila ndiye aliyelala nami kwenye sakafu ya hospitali wiki tatu za mwisho, na baada ya mazishi ndiye aliyenikalia mbele kila mchana mpaka nimalize sahani. Mtu kama huyo humgombezi kirahisi. Nilikuwa nampenda, na nilimwogopa, na siku hiyo nilimkasirikia vibaya sana.

Fundi alifika saa tano. Alikuwa amevaa shati jeupe ambalo sikuwahi kuliona, na alimsalimia wifi kwa kuinama.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Leo umebakiza nini cha kukagua? Buti?"

"Leo ataliendesha," nilijibu mimi, kabla hajafungua mdomo. Nikachukua ufunguo msumarini. "Nusu saa tu, wifi. Mtu hawezi kuchagua gari ambalo halijatembea."

Wifi alitazama saa yake, akatazama gauni langu, akasema, "Nusu saa."

Tulitembea hadi bandani. Nilifungua mlango, nikampa ufunguo, nikaingia, nikakaa, nikavuta gauni lisibanwe na mlango. Yeye akakaa kwenye usukani. Akaingiza ufunguo. Hakuwasha.

Nilimwona akiinua macho kwenye kioo cha ndani. Macho yake yakatulia pale. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma, upande wa pili wa dereva. Bega langu lilikuwa limeegemea mlango, mkono wangu umelala juu ya ngozi pale ilipolainika, na uso wangu, kama kawaida yake, ulikuwa dirishani.

"Ni wewe," alisema.

"Mimi nini?"

"Uliyekaa hapo miaka yote. Ni wewe."

Kuku wa jirani alikuwa anaparua upande wa pili wa ukuta.

"Samahani," alisema. "Nilisema mgonjwa. Nilisema mama mkwe!"

"Ulisema pia ungependa kumfahamu."

Aliinamisha kichwa kwenye usukani. Nilidhani analia, kumbe anacheka, kicheko cha chini chini cha mtu aliyejiona mjinga na akafurahi kwamba ni mjinga. Kisha akageuka nyuma, mwili mzima, akanitazama bila kupitia kioo.

"Njoo mbele."

"Huko mbele kulikuwa kwa mafaili."

"Mafaili gani?"

Basi nikamweleza. Mume wangu alisema mafaili yake yakikaa nyuma yanamwagika kwenye kona, na karatasi ya mahakamani ikipotea ni kazi imepotea. Kwa hiyo mkoba na mafaili vilikaa mbele. Vilikuwa vizito kiasi kwamba gari lilidhani ni mtu, likawa linapiga kengele ya mkanda, naye hakupenda kelele. Akawa anayafunga mkanda. Kila asubuhi, kwanza mafaili yanafungwa mkanda, kisha mimi napanda nyuma.

"Mkanda umechakaa, kiti ni kipya," fundi alisema polepole. "Wiki tatu nimekosa usingizi kwa hilo. Niliwaza mtoto. Niliwaza mbwa. Mafaili sikuwaza. Miaka mingapi?"

"Kumi na moja." Kisha nikaona nisimwonee marehemu. "Hakuwa mtu mbaya. Hakuwahi kunitukana wala kuninyima. Nyumba hii alinijengea mimi. Ila hakuwahi kugeuka kuniangalia kama ulivyogeuka sasa hivi."

Nilishuka. Nilizunguka gari kwa nyuma ili anisubiri kidogo, nikakaa mbele. Kiti kilikuwa kigumu, kikatoa mlio chini yangu kama viatu vipya. Fundi alivuta mkanda mbele yangu bila kunigusa, akaufunga, akawasha gari. Mlio wake ulikuwa mdogo sana. Tuliondoka taratibu kama tunaoondoka kwenye chumba chenye mtoto aliyelala.

Nimekaa mtaa huu miaka kumi na tano, na sikuwa nimewahi kuuona ukinijia kutoka mbele. Nyuma unaona vitu vikipita vikiwa vimeshakwisha. Mbele, kila kitu kinakuja kwako. Ukuta wa shule wenye herufi zilizochorwa ulikuja, kiwanda cha sabuni kikaja na harufu yake, mwanamke aliyebeba godoro kichwani akaja, akatupisha, akacheka. Mvua ya jua ilianza kunyesha, nyembamba, inayong'aa. Fundi alikuwa anaendesha huku amefumbua mdomo kidogo, na kwa mara ya kwanza niliona namna alivyokuwa akiwa kijana.

"Ndiyo hivi?" nilimuuliza. "Ndivyo ulivyodhani?"

"Ni zaidi." Alipapasa usukani. "Unajua, dukani kwangu vinakuja vimeng'olewa. Viti vitupu, havina gari. Navishona, vinaondoka. Ni kama kushona nguo za harusi na hujawahi kualikwa. Mke wangu wa zamani alikuwa anasema nitakufa nimekaa kwenye kiti kilichowekwa juu ya matofali."

"Alikuacha kwa nini?"

"Nilichukua miaka miwili kuchagua pazia la sebule."

Nilicheka mpaka mkanda ukanibana. Naye akacheka, na tukafika kwenye kivuko cha reli tukiwa bado tunacheka. Kizuizi kikashuka mbele yetu. Treni ya mizigo ilikuwa inapita, ndefu, ya polepole, mabehewa ya rangi ya kutu yasiyokwisha. Alizima gari. Mvua ilikuwa inatembea juu ya kioo, na nuru iliyopita kwenye matone ilikuwa inacheza juu ya mikono yake, juu ya alama ndogo ndogo za sindano. Nilitamani treni ile iwe na mabehewa elfu.

Lakini nusu saa ni nusu saa. Nilimwambia alichosema wifi, chote, bila kukipunguza makali. Kuna mnunuzi saa sita. Akilichukua gari, asirudi. Asipolichukua, hana shughuli kwetu.

Alisikiliza huku ametazama mabehewa.

"Hela yake ninayo," alisema mwishowe. "Ipo benki. Sikuwa nazungusha kwa kukosa hela."

"Najua."

"Ulijua?"

"Mtu asiye na hela haangalii kiti kimoja kwa Jumamosi nzima. Anaomba kupunguziwa, anaondoka." Nikamgeukia. "Nilijua na niliacha uzunguke. Mimi nami nilikuwa nazunguka."

Mkono wake uliacha usukani, ukashuka, ukatulia katikati yetu, juu ya ile sehemu ya kuwekea vikombe. Haukunifikia. Wangu nao ulishuka, ukatulia kando ya wake, kidole kidogo kwa kidole kidogo, kama watoto darasani wanaogawana dawati. Joto lake lilinipanda mpaka begani. Treni iliisha. Kizuizi kikapanda. Aliwasha gari, na njia nzima ya kurudi hakusema kitu, nami niliapa moyoni kwamba akifika pale akatamka lile neno lake, nitauchomoa ufunguo nimrushie.

Wifi alikuwa amesimama getini na mwavuli. Alitazama gari likiingia, akanitazama mimi kupitia kioo cha mbele, na uso wake ukabadilika.

"Umekaa mbele," alisema niliposhuka na ufunguo alionirudishia fundi. Sauti yake ilikuwa kali. "Kwa mdogo wangu hukukubali hata siku moja. Leo umekubali."

"Sikuwahi kukataa, wifi."

"Nimekuona kwa macho yangu! Harusini, misibani, siku ya mahafali ya binti yako. Mdogo wangu mbele anaendesha, wewe nyuma umejitandaza kama malkia. Nilimwambia mama yetu kabisa, huyu kijana kaoa mwanamke wa maringo, kamfanya dereva wake. Miaka yote hiyo nilikuwa nalimeza hilo."

Miaka kumi na moja nilidhani ananionea huruma.

Fundi ndiye aliyesogea. "Dada, njoo utazame kitu," alisema kwa upole, akafungua mlango wa mbele. Alimwonyesha mkanda, ukingo wake ulivyochanika nyuzi, na kufuli yake ilivyochubuka. Kisha akamwonyesha kiti, ngozi yake isiyo na mkunjo hata mmoja. "Hapa hapakuwahi kukaa mtu. Palikaa mafaili, yakafungwa mkanda. Mwenye nafasi yake aliwekwa nyuma."

Wifi aliinama. Alishika kufuli ya mkanda, akaifunga, akaifungua, akaifunga. Mwavuli ulikuwa umelala begani na mvua ilikuwa inamdondokea mgongoni, naye hana habari.

"Alikuwa hivyo tangu mdogo," alisema akiwa bado ameinama. "Vitabu vyake vililala kitandani, mimi nililala chini. Mama akasema huyu ndiye atakayekuwa mtu mkubwa, muacheni." Alijiinua, akanigeukia. "Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba naonea wivu mafaili?"

Alitaka kucheka ikashindikana. Alinishika mkono juu ya kiwiko, akanibana kwa nguvu, ile nguvu ya mkunga. Kisha akajifuta uso na kanga, akakohoa, akarudi kuwa dada mkubwa.

"Haya. Hayo ni yetu. Wewe fundi, saa sita kasoro dakika kumi. Gari unachukua au huchukui?"

Fundi aliweka kiganja juu ya paa la gari. Alikitembeza mbele, akakirudisha. Niliona jinsi alivyolitaka.

"Sichukui," alisema.

"Una hakika? Ukitoka hapa limekwenda."

"Nalitaka, dada, nisikudanganye. Nimelitaka tangu nikiwa na miaka ishirini na tano." Aliondoa mkono kwenye paa. "Lakini nikilichukua nitakuwa na gari tu. Huyu je? Nimekuja hapa Jumamosi sita, na kama lingekuwa baiskeli ningekuja sita hizo hizo. Nimempenda. Nilimpenda kabla sijajua ni yeye. Naomba niwe nakuja bila kitu cha kuangalia. Nakuomba wewe, na namwomba yeye."

Nje ya geti honi ililia mara mbili. Mwenye maduka ya vipuri alikuwa amewahi. Hakuna aliyegeuka.

Wifi hakumtazama fundi. Alinitazama mimi, na sijui aliona nini, maana sikuwa naficha kitu tena. Machozi yalikuwa yananitoka na nilikuwa natabasamu, mambo mawili kwa wakati mmoja, kama mvua ile.

"Utakuja lini?" alimuuliza.

"Kesho," fundi alisema, kabla wifi hajamaliza swali.

Wifi akaguna. "Kesho kuna ibada, kuna wageni, kuna..."

"Kesho nipo dukani mpaka saa nane," nilisema mimi. Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. "Njoo saa tisa. Usichelewe."

Wifi akachukua ufunguo wa gari mkononi mwangu, akafunua mwavuli wake vizuri, akaenda kumfungulia mnunuzi geti.